Flashi Imeingia, Mashine Namba Tatu

Nekesa mwanangu,

Hali yako naijua, kwa hivyo sikuulizi. Asubuhi nimekuacha nyumbani Kibera ukibishana na mama yako juu ya blanketi la pili, na kwa ninavyomjua mama yako, hilo blanketi limeshaingia kwenye begi. Mambo ya baridi ya Eldoret, chakula, kanisa na nauli amekwisha kuyasema, na kesho atayasema tena. Mimi niko dukani, hapa kwenye cyber yetu ya Kawangware. Nimefunga mlango saa kumi na moja, wateja wanagonga, siwafungulii. Nina jambo moja tu la kukuambia na nimelibeba wiki nzima.

Naandika kwa mkono kwa sababu printa imekataa tena. Inavuta karatasi tatu kwa mpigo, inazitafuna, kisha inawasha taa nyekundu kana kwamba mkosaji ni mimi. Nimeipiga kofi, haikusaidia. Basi naandika nyuma ya hizo hizo karatasi zilizotafunwa, na usinicheke mwandiko.

Kwanza nikubali kwamba umenikasirisha. Miezi minane sasa, kila ninachosema unajibu, "Sawa, Baba." Ungenijibu vibaya ningejua pa kuanzia. Nimejaribu kukuuliza, nimejaribu kukununia, siku moja nikakuletea samaki mzima wa kukaanga peke yako. Ukala, ukaosha sahani, ukasema asante. Nilipokuuliza kama tuko sawa ukasema, "Sawa, Baba." Nilitamani kuirusha ile sahani dirishani.

Nilijua ni kwa sababu ya Anti Atieno na siku niliyomfukuza kazi hapa dukani. Mama yako alijua, wewe ulijua, na tukawa tunalizunguka hilo jambo kama watu wanaoruka mtaro mbele ya mlango wao kila siku, hakuna anayeinama kuufunika. Leo nataka niiname, hata kama nimechelewa.

Unakumbuka ulivyoiandika ile skripti, ile programu yako ndogo ya kompyuta? Ulikuwa umemaliza kidato cha nne, unasubiri matokeo, na hapa dukani virusi vilikuwa vimetushinda. Mteja akija na flashi, akiichomeka tu, mafaili yote yanageuka njia za mkato zisizofunguka, na kesho mashine nyingine nayo imeambukizwa. Kuna kijana alipoteza barua zake zote za kuomba kazi, akalia hapa kama mtoto. Wewe na Atieno mkakaa mashine namba tatu wiki nzima kila saa ya chakula, mnabonyeza na kubishana. Atieno ndiye aliyekufundisha kuchapa ukiwa darasa la tano, ukikalia kreti ya soda ili ufikie meza. Mimi nilikuwa sina subira. Nilikuwa nakuambia usiguse, ukiharibu nitakuona.

Mlipomaliza mliniita. Ulinieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia:

"Baba, hii kitu haina akili. Kila sekunde mbili inahesabu diski ziko kwa mashine. Kama zilikuwa mbili na sasa ni tatu, inajua kuna kitu kimeingia. Inapiga kelele, inaandika saa na jina la hiyo kitu. Basi. Haijui ni nani ameingiza. Haijui ameingiza kufanya nini. Umenipata?"

Nikasema nimekupata. Nilikuwa namtafutia mteja stepla, wala sikuwa nimekupata.

Hiyo kelele ulirekodi sauti yako mwenyewe, ukiwa na mafua: "Flashi imeingia, mashine namba tatu!" Fundi wa viatu anayekaa hapo nje akawa anakuigiza siku nzima, pua imebanwa. Wateja walicheka, na flashi ikiingia Atieno anainuka, anaipima virusi kabla haijafunguliwa. Virusi vikapungua. Ulinitengenezea kengele ya mlango, mwanangu, na ilikuwa kengele nzuri. Mimi ndiye niliyeivalisha sare nikaifanya askari.

Ilianza kidogo kidogo. Jioni Atieno akishaondoka nilikuwa nafungua lile faili la kumbukumbu, ile log ya skripti yako, nasoma mistari. Saa tano mashine namba moja, saa sita mashine namba mbili. Hakuna nilichokuwa natafuta. Niliona raha tu ya kujua yaliyofanyika nikiwa sipo. Hiyo raha, Nekesa, ni mbaya. Wewe unaenda Eldoret kufanya kazi ya kulinda kompyuta za watu, utakaa na mafaili kama hayo kila siku, na sitakuhubiria. Nakuambia tu kwamba niliionja, na ilikuwa tamu, na haikunifanya nijue chochote.

Kisha akaja yule mwalimu wa shule ya binafsi ya upande wa Riruta, aliyekuwa anachapia mitihani yake hapa. Alisukuma mlango kwa bega. Duka lilikuwa limejaa.

"Mtihani wangu uko na watoto wote! Wote! Na mimi niliuchapia hapa, sijauchapia kwingine!"

Ningeweza kumwambia akae, tuulizane. Lakini watu walikuwa wananitazama, na jina la duka ndilo chakula chetu. Nikafungua faili la ile siku alipokuja kuchapa, mashine namba tatu. Katika saa nzima ya chakula, baada ya yeye kuondoka, kulikuwa na mstari mmoja tu. Saa saba na dakika ishirini na mbili, kitu kimeingia, jina lake INJILI 2. Mimi nilikuwa nimetoka kwenda kula. Aliyebaki dukani ni Atieno peke yake. Na Atieno ni mwanakwaya. Nikaona kesi imekwisha.

"Atieno, hii ni nini?"

Akaja akaangalia skrini. "Hiyo ni siku gani? Ngoja, Baba Nekesa, wacha nikumbuke kwanza."

"Unakumbuka nini? Leta bag."

"Bag yangu?"

"Si nimesema leta bag!"

Mengine uliyaona, lakini nataka uyasome kwa mwandiko wangu, ili usije ukafikiri nimeyasahau. Nilimimina begi lake juu ya kaunta. Kitabu cha nyimbo, leso, dawa za presha za mama yake, na ile pakiti ambayo mwanamke hapendi ionwe na wanaume kumi. Na flashi nyekundu. Nikaiinua juu nikamwonyesha mwalimu.

Wewe ulitoka kule nyuma ukasema, "Baba, ichomeke kwanza tuone jina." Ukaninyang'anya, ukaichomeka. Sauti yako ikatangaza. Tukasoma jina: KWAYA.

"Si hii," ukasema. "Hiyo ya log ni INJILI 2. Hii ni KWAYA."

Na mimi, baba yako, mtu niliyejiita fundi, nikasema mbele ya watu wote, "Mwizi anashindwa kubadilisha jina?"

"Baba, lakini—"

"Nyamaza!"

Atieno alikunja leso yake mara nne, akaiweka begini. Akachukua vitu vyake kimoja kimoja, na ni wewe peke yako uliyemsaidia. Miaka minane alifungua duka hili kabla yangu kila asubuhi. Akatoka. Mwalimu akatikisa kichwa, ameridhika, na mimi nikajiona nimeokoa jina la duka.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Unajua sipendi kupita Industrial Area, huwa nasema ni moshi. Si moshi. Kabla hujazaliwa nilikuwa kibarua kwenye kiwanda kimoja kule, na kila jioni tulipanga foleni getini, mikono juu, askari anatupapasa, anafungua kopo lako la chakula, ananusa. Siku moja bisibisi ilipotea. Mimi ndiye niliyekuwa nayo mwisho. Nilivuliwa viatu mbele ya wenzangu, na soksi zangu zilikuwa na matundu, vidole vyote nje, watu wakacheka. Kesho yake bisibisi ikaonekana kwenye droo ya msimamizi. Hakuna aliyesema pole. Walisema tu, "Haya, ingieni kazi." Nilimwapia mama yako kwamba nikipata pangu, hakuna mtu nitakayempekua.

Jioni ile nilipofika nyumbani nimemfukuza Atieno, mama yako alikuwa ameshasikia. Hakupiga kelele. Alisema, "Naona umepata geti lako." Nilimnunia siku mbili kwa sababu hiyo.

Sasa nifike kwenye wiki iliyopita, na hapa ndipo hasira yangu yote ilipo.

Stima iliruka Jumanne, ikaunguza chaja yangu. Unaijua kabambe yangu, ile simu ya vitufe, sipendi simu zenu za kupapasa. Huwa naichaji nyumbani ukutani. Siku hiyo nikachukua waya wa mteja aliousahau hapa, nikaichomeka kwenye mashine namba tatu. Mara nikakusikia: "Flashi imeingia, mashine namba tatu!"

Nikageuka kwa ukali kumtafuta mteja aliyechomeka flashi bila kupimwa virusi. Nikamuuliza msichana aliyekaa mashine namba mbili, akaonyesha mikono mitupu. Hakukuwa na mtu mwingine. Ndipo nikatazama skrini. INJILI 2.

Nikachomoa, nikachomeka tena. INJILI 2. Nikachomoa, nikachomeka. Fundi wa viatu akapaza sauti kutoka nje, "Baba Nekesa, leo uko na flash ngapi huko ndani?"

Ni memori kadi, Nekesa. Ile ya simu yangu, ninayojaziwa nyimbo za injili na kijana wa pale steji ya matatu. Yeye ndiye huzipa kadi majina, kumbe, na kumbe kabambe ukiichomeka kwa kompyuta kadi yake inahesabiwa kama flashi. Sikujua kwamba kadi ina jina. Nimetembea na hilo jina mfukoni miezi yote hii. Na hapo hapo, nikiwa nimesimama na waya mkononi, nikakumbuka ile siku. Nilikuwa natoka kwenda kula, nikamtupia Atieno simu juu ya kaunta, nikamwambia, "Nitilie chaji, narudi." Soketi za ukutani zilikuwa zimejaa. Aliichomeka palipokuwa na nafasi, kwenye mashine ambayo mwalimu alikuwa ametoka kuitumia.

Nyani haoni kundule. Nimekuwa nikiisema methali hiyo kwa wapangaji wenzangu tangu tuhamie Kibera, na sikuwahi kufikiri inanihusu.

Utaniuliza mtihani ulitokaje basi. Sijui. Siku ile mwalimu alipochapa, printa ilitafuna karatasi kadhaa, na unajua karatasi zetu zilizoharibika huwa nampa mama wa mandazi afungie. Watoto wa shule ndio wateja wake wakubwa. Huenda ni mimi niliyeusambaza huo mtihani, na mafuta juu yake. Huenda pia ni kijana fulani aliyekuwa amesimama nyuma ya mwalimu akiangalia skrini... Unaona? Nimeanza tena kushuku watu. Inakera sana kuona ugonjwa wako mwenyewe unarudi huku unauandika.

Jumamosi nilimtafuta Atieno. Nilikuwa nimeambiwa anafulia watu nguo mtaa wa Ayany. Nilimkuta uani kwa nyumba ya watu, mikono ndani ya karai, povu hadi kwenye viwiko. Mikono iliyokuwa ikichapa bila kutazama. Nilikuwa nimeandaa hotuba tangu nyumbani, ikanitoroka yote.

"Atieno. Ilikuwa simu yangu."

Hakushtuka. Akaendelea kusugua kola ya shati. "Najua."

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu siku hiyo hiyo. Nilikumbuka nikiwa njiani, hata sijafika kwa nyumba. Nikakupigia mara tatu, Baba Nekesa. Ulikata. Ya nne nikaambiwa mteja hapatikani."

Ni kweli, Nekesa. Nilikata. Alinipigia kwenye simu ile ile iliyoandikwa kwenye faili, ilikuwa inalia mkononi mwangu ikiwa na jibu ndani yake, na mimi nikaizima ili nisisikie uongo wa mwizi. Alihitaji dakika moja tu ya kukumbuka. Sikumpa mbele ya kaunta, na sikumpa kwenye simu.

Nikamwambia nisamehe, nimekosa. Nikamwambia arudi kazini, hata kesho. Akasimama, akajipangusa mikono kwa sketi.

"Kurudi sirudi. Na hiyo pole yako siikatai, lakini umeileta mahali mbaya. Ulinimwagia bag mbele ya watu. Hapa tuko wawili na karai. Hawa watu wa Kawangware bado wananiita yule wa flash. Kwaya nilitoka mwenyewe, kabla waniambie nitoke. Utasema sorry hapa, halafu hiyo jina nitaipeleka wapi?"

Nilikasirika, sikufichi. Nilirudi kwa miguu nikigombana naye kichwani, kwamba nimejishusha, nimefika mpaka Ayany, anataka nini tena? Nilipofika darajani hasira ikaniisha, kwa sababu nilikumbuka zile soksi. Hata leo, mtu akija kuniomba msamaha kwa siri kwa ajili ya zile soksi, nitamuuliza wale waliocheka wako wapi.

Hasira niliyobaki nayo ni ya kujikasirikia mimi mwenyewe. Ulinieleza mapema, kwa Kiswahili chepesi, kwamba hiyo kitu haijui ni nani. Uliisimamia flashi ile nyekundu mbele ya watu, msichana wa miaka kumi na tisa, ukasema majina hayafanani. Ulikuwa umesema kweli na nikakunyamazisha. Mashine yako haikusema uongo hata mara moja. Iliandika kilichoingia na saa kilipoingia. Jina la Atieno halikuwa kwenye lile faili. Niliyeliandika ni mimi. Huko uendako utakutana na mtu kama mimi, bosi mwenye haraka, amesimama nyuma ya kiti chako anataka jina la mtu. Sijui utamfanyaje. Najua tu kwamba ulimjaribu mmoja na akakushinda kwa kelele, na ninaona aibu kwamba ndiye aliyekulea.

Sikuombi uache kuniambia "sawa, Baba." Hiyo nimeivuna mwenyewe.

Kesho saa mbili asubuhi Atieno atakuja dukani. Nilimtumia ujumbe, akakaa siku mbili bila kujibu, jana akaandika neno moja: "Nitakuja." Nimewapitia wote niliowakumbuka kuwa walikuwepo siku ile. Fundi wa viatu, mama wa mandazi, yule wa duka la dawa, vijana wa pikipiki. Mwalimu wa Riruta alisema ana kazi nyingi. Nilisimama mlangoni kwa ofisi yake mpaka akakubali, nadhani aliona sitaondoka. Hakuna atakayehutubia. Nitamwaga mfuko wangu mwenyewe juu ya kaunta, funguo, miwani, vidonge vya mgongo, kila kitu, na wauone. Kisha nitachukua simu yangu niichomeke kwenye mashine namba tatu, skrini nimeigeuzia watu.

Gari lako ni saa nne. Kama utataka kupitia hapa, njia unaijua. Kama hutaki, nenda salama na sitakununia. Barua hii nitaiweka juu ya begi lako. Sitaifungua zipu, nimeacha kufungua mabegi ya watu.

Ukija au usipokuja, utakuwepo. Nikishachomeka ule waya, sauti yako yenye mafua itawaambia wote kwamba flashi imeingia. Watasoma jina lake kwenye skrini. Na mtu wa kwanza akiuliza ni ya nani, nitajibu kabla hajamaliza swali kwamba ni yangu.

Ni mimi, mwenye INJILI 2,
Baba yako